Sema Uliteleza

"Sema uliteleza ngazini," Bi Mwanamwema alinong'ona, kijiko cha uji mkononi. "Utaepukana na maadui, mwanangu."

"Lakini bi," alisema Makungu kutoka kitanda cha hospitali, "watamuosha na mwengine."

Bi Mwanamwema akamtia kijiko kinywani.

Mguu wa Makungu ulikuwa ndani ya plasta mpaka pajani, na daktari hakuahidi kama atatembea tena sawasawa. Sokoni Darajani hapakuwa na mazungumzo mengine. Kumbe wanafunzi wakubwa wa dahalia wana mchezo wao wa kuwaosha wageni! Mtoto akija kutoka shamba hulazwa ubaoni, akamwagiwa maji, akazongwa shuka nyeupe, akabebwa kama maiti, na wakubwa nyuma wakimlilia kwa vicheko. Makungu walishuka naye ngazi mbio, wakamwangusha. Wazee walishakwenda serikalini kulalamika.

Bi Mwanamwema alikuwa katoka eda mwaka ule ule. Kila akiyasikia hayo, mwili ulimsisimka. Kuosha maiti si mchezo, na mtoto huanza kuliona jambo hilo kwao, babake anapooshwa.

"Sukari imekolea?"

"Imekolea, bi."

"Ya foleni hiyo. Maliza."

Nesi akapita. "Mama wa mgonjwa, una moyo wallahi! Kila siku wewe tu."

Bi Mwanamwema akainama bila kumsahihisha kwamba mamake yuko shamba, akamfuta kijana kidevu. Machoni hakumtazama. Tangu siku ya kwanza hakuweza.

Mwalimu mkuu akaingia na askari.

"Makungu, waliokubeba tukiwajua, shule basi, na jela juu yake. Nani alikuangusha?"

Kijana akamtazama Bi Mwanamwema, naye akaushughulikia mtandio wake.

"Nliteleza," alisema Makungu. "Peke yangu."

Askari akaguna. Mwalimu akatikisa kichwa. "Mama, huyu anaogopa. Tusaidie, zungumza naye."

"Inshallah," akajibu, akakusanya bakuli na kijiko.

Alirudi kwake Ng'ambo kwa miguu, buibui limemganda kwa jasho. Akatawadha, akasali adhuhuri. Alipoinua mikono kuomba dua, hakujua aombe nini, wala kwa uso gani.

Mlango wa chumba cha ndani ukafunguka kidogo. Mwanawe, Pandu, aliyetoroka dahalia, akachungulia, bado kavaa sare ya shule.

"Mama," aliuliza, "amenitaja?"