Taa ya Buluu

Mume wangu, Baba Tuhin, alirudi kutoka mji wa Comilla alikosema anakwenda kumzika rafiki, naye ameoga ametakata kuliko maiti mwenyewe. Hata chai hakungoja. Alitaka tuchague taa ya tangi lake la kioo, lile anamokata matumbawe vipande na kuvipandikiza vizaane.

"Mama Tuhin, funga mapazia, utazame kwa macho yako."

Akawasha nyeupe. Vipande vikaonekana kama tangawizi iliyosahauliwa kapuni.

"Hiyo wapelekee wauza nyama," nikamwambia.

Akawasha ya buluu. Matumbawe yakang'aa kijani na rangi ya chungwa, kama peremende. Akacheka kama mtoto, akainama karibu na kioo.

Ndipo nikaona na shingo yake inang'aa. Nyuma ya masikio, kwenye mikunjo, hadi pembeni mwa kucha: manjano, yale ambayo sabuni huyaficha mchana tu. Na kwetu mwanamume hasingwi manjano mwili mzima ila anapooa, naye alisingwa mara ya kwanza kwa ajili yangu.

"Marehemu kazikwa vizuri?"

"Vizuri sana. Watu walijaa."

"Na biriani ilitosha?"

"Biriani ya nini tena, msibani?" Akajikuna sikio, na kidole nacho kikawaka. "Haya, sema. Nyeupe au buluu?"

"Buluu," nikasema. "Ukae hapohapo chini yake, nimwite Tuhin na dada zake waje watazame."