Siku Tatu za Kulivaa

Mteja hakulitoa koti kwa mkono. Aliupindua mfuko juu ya meza, akautikisa mpaka koti likaanguka lenyewe, kisha akarudi nyuma hatua moja na kukunja mikono yake yenye glavu kifuani.

"Mafuta ya ngozi hunitoa vipele," alisema.

Fundi wa ngozi aliitikia kwa kichwa tu, macho yake yalishahamia kwenye koti. Ngozi nene ya kahawia, ya zamani kweli. Mikono imekauka hadi imepasuka, zipu imekwama, bitana imechanika kwapani. Mgongoni palikuwa na kiraka cheusi chenye umbo la mwezi mchanga, kilichoshonwa na mtu ambaye, kwa maoni ya fundi, alistahili kunyang'anywa sindano.

"Nitaanza kwa kukibandua hiki."

"Kiraka kiache kama kilivyo. Mengine yote fanya."

Mke wa fundi, aliyekuwa akishona bitana kwenye cherehani ya pembeni na ndiye mwenye daftari la wateja, alichukua kalamu. "Jina, kaka?"

"Usijisumbue, dada. Nitakuja mwenyewe. Si nasikia mumeo harudishi koti mpaka alivae kwanza?"

"Siku tatu," fundi alidakia, kichwa kikimvimba kidogo, maana hiyo ndiyo sifa iliyomjengea jina mjini. "Ngozi ikishapakwa mafuta inataka joto la mwili. Ukiitundika tu, mafuta yanabaki juu juu, mwezi haupiti imekakamaa tena."

"Litakutosha." Mteja alimpima kwa macho toka kichwani hadi miguuni. "Mimi na wewe tumelingana, hata mabega."

Akatoka bila kuaga.

Siku hiyo fundi aliliosha koti kwa sabuni laini. Kwenye mkono wa kulia sponji ilitoka na wekundu. Kutu ya zipu, alijiambia, ingawa zipu ilikuwa mbele na wekundu ulikuwa kwenye pindo la mkono. Likakauka kivulini, likapakwa mafuta, na asubuhi yake akalivaa na kuendelea na kazi zake.

Mchana redio iliyokuwa rafuni ilimtaja sonara wa mtaa wa pili, yule aliyechomwa kisu dukani kwake wiki iliyopita. Mlinzi wake, aliyejeruhiwa siku hiyo hiyo, alikuwa ameweza kuzungumza. Uso wa muuaji hakuuona. Alichokiona ni mgongo: mtu mrefu, mabega mapana, koti la ngozi, na kiraka cha mwezi mchanga.

Cherehani ya mke ikanyamaza.

Fundi alilivua lile koti kama lina siafu, akalitupa juu ya stuli.

"Tupige simu polisi," mke alinong'ona.

"Tuwaambie nini? Hatuna jina wala namba. Watachukua koti, yeye asikie, apotee, halafu atutafute sisi. Akija kulichukua, wewe toka kama unakwenda kununua uzi. Piga ukiwa huko nje. Mimi nitamshika kwa maneno."

"Lakini mbona alikataa ukibandue kiraka? Mtu anayejificha?"

"Hakujua kama kuna aliyekiona."

Mke hakuonekana kuridhika. Mara akamshika mumewe mkono na kumwelekeza dirishani kwa kidevu.

Ng'ambo ya barabara mteja alikuwa ameegemea ukuta. Alilitazama koti pale kwenye stuli, akamtazama fundi, akalitazama koti tena. Hakuondoka.

"Anataka kuona kama tumeshtuka," fundi alisema bila kufungua midomo sawasawa. Akapiga moyo konde, akaliokota koti, akalivaa, akafunga zipu hadi shingoni. Akajifanya kucheka na mkewe.

Mteja akaenda zake.

Siku ya pili alipita mara mbili. Mara zote mbili fundi alikuwa ndani ya koti, jasho likimtiririka mgongoni, akipiga soli ya kiatu ambayo ilikwisha kukaa vizuri tangu asubuhi. Usiku hakupata lepe la usingizi. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba kazi ilikuwa nzuri. Ngozi ilikuwa imelainika, viwiko vinakunjika bila kulia, na koti lilikuwa limemkaa kama alishonewa yeye.

Siku ya tatu asubuhi alilipaka nta akiwa amelivaa, akalipiga brashi hadi likang'aa. Mkewe aliweka simu kwenye mfuko wa aproni. Walimsubiri mteja.

Lililosimama mlangoni ni gari la polisi. Walishuka maafisa wawili, na nyuma yao mwanamume wa makamo mwenye sare ya ulinzi, mkono umefungwa bendeji.

Fundi alishusha pumzi ndefu, ya kwanza tangu juzi. Alimgeukia mkewe, machozi ya shukrani yakimlengalenga.

"Umewapigia mapema. Afadhali, mke wangu."

Mkewe alikuwa amesimama, daftari amelikumbatia. "Mimi sijampigia mtu."

"Bwana, hebu geuka," alisema afisa mkubwa.

Fundi akageuka. Mlinzi alikikazia macho kiraka.

"Ndiye," mlinzi alisema.

"Si langu!" fundi alipiga kelele. "Ni la mteja, jamani, yuko njiani anakuja! Mke wangu, waonyeshe daftari!"

Mke alilifungua daftari, akapekua ukurasa mmoja, akapekua wa pili, kisha akaketi polepole.

"Aliyetupigia," afisa alisema akitoa pingu, "alituambia tutakukuta umelivaa."