Sahani Chini ya Kawa

Jirani yake Chausiku, Bi Mwanaidi, anashikilia kwamba Shomari alishafia ugenini. "Mwaka mzima hata salamu hakuna? Kaa eda, mwanangu, upumzike."

Chausiku hambishii. Kila mchana humpakulia mumewe, akaifunika sahani kwa kawa, akaipiga picha na kuiweka kwenye hifadhi yao ya mtandaoni. Hifadhi ile huandika kila anayeingia. Shomari, jana, saa saba na dakika tano. Juzi vilevile.

Leo aliifunua kawa, akapiga picha ya wali wenyewe na kuandika chini yake: "Shomari, nijibu neno moja tu. Unarudi?"

Saa saba na dakika tano jina la Shomari likatokea kwenye orodha ya walioingia. Chausiku alingoja neno mpaka mvuke ukaisha, kisha akaifunika tena sahani.