Mzunguko wa Tatu

Sheria inataka vali zote za kupunguza maji kichwani zijifunge usiku, na asubuhi mke au mume wa mgonjwa azifungue kwa ufunguo. Vali ya mume wangu iko nyuma ya sikio. Nikizungusha mara moja, maji yanayombana ubongo yanapungua, na miguu iliyonata sakafuni inatembea. Mara ya pili, anawahi chooni. Mara ya tatu, kumbukumbu zinarudi.

Tangu tumzike binti yetu Salha, mwezi sasa, naishia mara ya pili. Sijuti.

Leo mume wangu alikuja mwenyewe jikoni, akapanga vikombe vitatu.

"Mama Salha, mtoto hajaamka?"

Nikageukia jiko. Chai ikafurika huku naitazama.

"Nimemuulizia Salha, umenipa mgongo." Akavuta kigoda, akaketi, akaniinamishia kichwa. "Leo umezungusha mara mbili tu. Malizia."

"Utaumia, Baba Salha."

"Na wewe unaumia, tena peke yako. Malizia, nimesema."

Nikazungusha.

Alivitazama vile vikombe vitatu mpaka chai ikapoa.

"Kesho pia usiniache njiani," akasema. Kisha akachukua kikombe cha tatu, akakirudisha kabatini.