Nakala ya Zebedayo

Ikupa alimimina chai nje ya kikombe, ikatiririka mezani, na hakuna aliyemwambia. Wote pale barazani walikuwa wanamtazama kijana aliyeegesha baiskeli yake ukutani na kuwaamkia, "Mugonile," kwa lafudhi ya ng'ambo ya mto Songwe.

Kijana alikuwa mumewe Zebedayo mtupu. Masikio ni yaleyale yaliyochomoza kama mishikio ya sufuria, bega la kushoto limeshuka vilevile, hata kile kikohozi kidogo kabla ya kusema neno. Umri tu ndio uliotofautiana. Zebedayo mwenyewe alikuwa hatua tatu kutoka hapo, nyuma ya cherehani yake, mguu umeganda kwenye kanyagio.

Wiki ile nzima, mwaka wa tisini na saba, baraza lao la Bondeni lilikuwa na gumzo moja tu. Redio ilikuwa imetangaza kwamba wataalamu wa Uskochi wametengeneza kondoo kutoka kwa kondoo mwingine, bila dume kuhusika, na wawili hao hawana tofauti. Mzee Hezroni, mzee wa kanisa ambaye ujana wake aliumaliza kwenye meli za bandari ya Itungi, ziwani Nyasa, alisema hilo ni chukizo, kwa kuwa kila kiumbe lazima kijulikane baba yake. Ikupa alisema angewaelewa kama wangetengeneza mche wa kakao usioshikwa na ugonjwa. Mama mkwe wake, Bibi Tusajigwe, mjane wa mtu aliyekaa miaka mingi kwenye migodi ya Afrika Kusini, alikuwa kwenye kigoda chake akipeta mchele. Yeye aliuliza kondoo wa pili ana kazi gani ikiwa wa kwanza bado yupo.

Zebedayo ndiye aliyekataa katakata. Alisema huo ni uongo mtupu. Tangu waruhusu redio za watu binafsi, hata ile ya serikali imeanza kutia chumvi.

Sasa Zebedayo alikohoa. Kijana naye akakohoa.

"Nimezifikiria upya zile habari za kondoo," Zebedayo alisema, bila kumtazama mkewe. "Inawezekana."

Akaendelea kueleza kwamba, kwa alivyosikia, wale wataalamu hawahitaji kitu kikubwa. Kipande kidogo cha mwili kinawatosha, pengine hata unywele. Yeye kila akivuka Songwe kwenda Karonga, Malawi, kununua vitambaa hunyoa hukohuko, na hajawahi kuuliza nywele zake zinapelekwa wapi.

Ikupa alichukua kitambaa akafuta meza, polepole, kona hadi kona. Kisha akamkaribisha kijana kwenye benchi, akampa chai na ndizi za kukaanga, akamuuliza ana miaka mingapi.

Ishirini na miwili.

Mercy, binti yao wa kwanza, naye alikuwa na miaka ishirini na miwili. Ikupa alipokuwa na mimba yake, Zebedayo alikuwa Karonga akijifunza ushonaji, miezi minane, na barua alizoandika zilikuwa fupi. Ikupa hakusikia hasira. Alilifikiria sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, na basi la saa nane la kwenda Tukuyu, kwa kaka yake Angetile. Kabla kijana hajamaliza ndizi ya kwanza, Ikupa alikuwa ameshaamua atabeba nini na nini. Picha ya harusi haikuwamo.

"Akinywa chai mwacheni aende zake," Bibi Tusajigwe alisema. "Mvua inakuja."

Angani hapakuwa na wingu hata moja. Mzee Hezroni, ambaye kwa wiki nzima hakukosa la kusema, alikuwa anakoroga chai ambayo bado haijatiwa sukari.

Ikupa alivuta kiti akakaa mbele ya kijana. "Mwanangu, umetoka mbali," alisema. "Unamtafuta nani hapa Kyela?"

Kijana aliweka kikombe chini. Alisema mama yake walimzika mwezi uliopita. Siku chache kabla hajafa alimtajia baba yake, jina ambalo hakuwahi kulitamka maisha yake yote, akamsihi aje huku amtafute. Si kudai kitu. Amuone tu, na yeye aonekane.

Zebedayo alishika ukingo wa cherehani. "Mama Mercy," alisema kwa sauti ya chini, "naapa mama yake simjui."

Ikupa hakugeuka. "Litaje hilo jina," alimwambia kijana. "Litaje kila mtu asikie."

"Hezroni," kijana alisema. "Aliniambia alikuwa baharia wa Itungi."

Zebedayo alitoka nyuma ya cherehani mbiombio. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akamkumbatia kijana, akasimama naye bega kwa bega, sikio kwa sikio, akawauliza majirani kama wamesikia wenyewe kwamba mtoto huyu ni wa Mzee Hezroni, wa Hezroni kabisa, wala si wake yeye. Ilimchukua muda kugundua kwamba hakuna mwingine anayecheka, na kwamba Ikupa anamtazama yeye, kisha Mzee Hezroni, kisha yeye tena.

"Mama, umesikia?" aliita, akigeukia kwenye kigoda. "Ni wa Hezroni!"

Kigoda kilikuwa kitupu. Bibi Tusajigwe alikuwa ameshaingia ndani, na kutoka huko walisikia komeo la mlango likisukumwa.