Baiti Tatu Tupu

Skripti ilidai kwamba lifti imebeba kilo bilioni moja na nusu.

"Imebeba mlima?" Mtaalamu alinong'ona, akijifuta jasho kwa mkono wa shati.

Jina hilo la Mtaalamu alipewa na wenzake kwa utani, na leo lilimchoma. Ni yeye aliyeandika skripti ya Python ya kuongea na programu kongwe ya lifti, iliyoandikwa kwa lugha ya C. Ni yeye aliyemwapia bosi kwamba kazi imekwisha. Amri ya kwanza tu, lifti ikakwama kati ya ghorofa ya saba na ya nane, mtu akiwa ndani.

Simu ikatetemeka.

"Nani amenaswa?" Bosi aliuliza.

"Mtu mmoja tu, bosi."

"Umeongea naye?"

"Naongea naye muda wote."

"Basi mtulize, fundi wa lifti yuko njiani. Na wewe ukitoka huko kwenye chumba cha mitambo, tutaongea."

"Nikitoka, bosi, tutaongea."

Breki ikakwaruza chuma. Lifti ikateleza kidogo, ikakamata tena. Namba isiyo yake ilikuwa imeingia kwenye sehemu ya breki, na breki sasa ilishika nusunusu. Fundi asingewahi. Mtaalamu aliogopa, na aibu nayo ilimuuma vilevile.

Akaufungua upya muundo wa data ndani ya ile programu ya C, unaoonyesha kila kitu kimetengewa baiti ngapi za kumbukumbu. Mlango: baiti moja. Uzito: baiti nne. Breki: baiti nne. Mbona alivifuata vyote kwa mpangilio?

Kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso. C haibananishi vitu. Baada ya kitu kidogo huacha nafasi tupu, ili kikubwa kianze mahali pake. Yeye alikuwa amevishindilia kama nguo kwenye begi la safari, kwa hiyo kila kilichofuata mlango kilisogea.

Akaongeza baiti tatu tupu baada ya ile moja ya mlango, zitimie nne, akasoma tena.

Uzito: 91.

Akampigia bosi. "Bosi, sasa inasoma sawa. Kilo tisini na moja. Naifunga breki, halafu naipandisha lifti."

"Usibahatishe! Breki ikiachia, huyo mtu tutamwokota chini. Una hakika gani na hiyo namba?"

"Ninayo, bosi. Hiyo namba ni ya kweli."

Kidole kiliganda juu ya kitufe, kisha kikabonyeza.

Kisha breki ikauma chuma, na mota ikaanza kunguruma.

Milango ilifunguka ghorofa ya nane. Bosi alikuwa amesimama nje, akihema, na chupa ya maji ya kumpa aliyenaswa. Mtaalamu akafunga kompyuta yake, akainuka kutoka sakafu ya lifti, akaipokea ile chupa.