Mguu wa Wilbroad

Alhamisi Kuu, kwenye ibada ya kuwaosha miguu waumini kumi na wawili kigangoni Nakwa, Padri alipiga magoti na beseni mbele ya Wilbroad, ambaye alikuwa bado hajavua kiatu. Kulima na gambuti zilizojaa maji kulikuwa kumemletea fangasi vidoleni, na kila asubuhi mkewe alimpaka mwarobaini uliotwangwa pamoja na manjano.

"Niruke tu, Padri," alinong'ona. "Wako wengine kumi na mmoja."

Padri akamvua kiatu mwenyewe, taratibu, kisha soksi. Vidole vilikuwa vya njano kama kiini cha yai la kienyeji.

"Nani anakupaka?"

"Mama Benadetha."

Kwenye benchi la pili, mkewe akainamisha kichwa.

Padri akauosha ule mguu, akaukausha, akaubusu. Alipoinua uso, midomo yake ilikuwa ya njano, naye hakuifuta.